Mtihani wa Akili Unde Unataka Mtendaji, Si Mkariri

Kuna dhana iliyozagaa katika maofisi kwamba cheti ndiyo elimu yenyewe, na kwamba mtu akishakitundika ukutani basi kazi itajifanya. Dhana hiyo ina madhara tangu zamani. Lakini leo madhara yake yamezidi, kwa kuwa vyeti vinavyotafutwa sasa ni vya watu watakaokabidhiwa mitambo ya kusaidia kuamua mambo ya wananchi: mgonjwa yupi apimwe tena, hati ipi ya ardhi ina shaka, mzigo upi bandarini ufunguliwe na kukaguliwa. Tunakusudia mitihani ya kitaalamu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inayotolewa na makampuni yanayokodisha kompyuta kwa njia ya intaneti.

Tuanze na jina. Watu wa fani hiyo husema "wingu", na asiyezoea huenda akadhani kuna kitu kinachoelea angani. La hasha. Wingu ni majumba makubwa yenye mitambo, yaliyojengwa ardhini, yenye umeme na walinzi wake. Mtumiaji hukodi nguvu ya mitambo hiyo kwa muda anaouhitaji, kama mwenye shamba anavyokodi gari ya kupakilia karafuu zake badala ya kuinunua. Mwaka 2024 kampuni ya Google ilifungua kituo chake cha kwanza cha aina hiyo katika Bara la Afrika, mjini Johannesburg. Amazon na Microsoft walikwisha kutangulia Afrika ya Kusini kabla yake. Mambo haya, basi, si ya mbali tena.

Makampuni yote hayo matatu yana mitihani yao. Kwa mfano wetu tutauchukua mmoja tu, ule wa Google unaoitwa Professional Machine Learning Engineer, yaani mhandisi wa kuifundisha mashine. Mtihani huo huchukua saa 2. Maswali yake ni baina ya 50 na 60, yote ya kuchagua jibu moja au majibu kadhaa. Ada yake ni dola 200 za Kimarekani, mbali na kodi pale inapotozwa. Anayefaulu hupewa cheti cha miaka 2, kisha hana budi kukihuisha. Hakuna sharti la shahada wala cheti kingine kabla yake. Hata hivyo watungaji wenyewe wanashauri mtahiniwa awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3, na katika miaka hiyo angalau mmoja awe ameutumia kupanga na kusimamia kazi katika mitambo hiyo hiyo. Ushauri huo ndio wenye uzito kuliko yote, na ndio unaopuuzwa kuliko yote.

Kwa nini uzoefu? Kwa sababu mtihani huu haumuulizi mtu maana ya neno. Humpa hali ya kazi, kisha humpa majibu manne ambayo mara nyingi yote yangeweza kufanya kazi, na humtaka achague lile linalolingana na masharti yaliyotajwa. Mathalani, tuseme shirika lina picha 10,000 za karafuu kavu, zimekwisha kupangwa kwa madaraja. Shirika halina mwandishi wa programu. Linataka mashine itakayotambua daraja kwa picha, ndani ya wiki chache, kwa gharama ndogo, na bila ya kuajiri mtu wa kuitunza usiku na mchana. Jibu la kwanza linasema ijengwe mashine mpya tangu msingi. La pili linasema ikodiwe mitambo mikubwa na waletwe wahandisi. La tatu linasema itumike huduma iliyo tayari, ambayo hufundishwa kwa kupewa picha za shirika lenyewe. La nne linasema zikusanywe kwanza picha nyingine 100,000. Aliyesoma kwa kukariri huvutiwa na la kwanza, maana ndilo lenye maneno makubwa. Aliyewahi kuulizwa na mkuu wake fedha zimekwenda wapi, huchagua la tatu.

Mfano wa pili ni wa hesabu. Katika watu 1,000 waliopimwa, 10 wana maradhi. Mashine inayosema kila mtu ni mzima itakuwa imesema kweli mara 990, yaani asilimia 99, na papo hapo itakuwa imewaacha wagonjwa wote 10 warudi nyumbani bila ya dawa. Mtahiniwa anatakiwa kutambua kuwa asilimia hiyo nzuri haina thamani, na kwamba kipimo kinachofaa hapo ni wagonjwa wangapi, kati ya walio wagonjwa kweli, wamegunduliwa. Tunauliza: ofisa anayepokea ripoti yenye asilimia 99, naye hana mtu wa kumweleza jambo hili, atatia saini au hatatia?

Mfano wa tatu ni wa usafiri. Tuseme tunataka kukisia idadi ya abiria wa boti baina ya Unguja na Dar es Salaam. Tukizichanganya siku zote za mwaka, tukachota nyingine za kuifundishia mashine na nyingine za kuijaribia, mashine itakuwa imeoneshwa Jumatano kabla ya kuulizwa Jumanne. Itafaulu katika jaribio na kushindwa gatini. Njia iliyo sawa ni kuifundisha kwa miezi iliyotangulia na kuijaribu kwa miezi iliyofuata. Kosa hili ni dogo kulieleza, lakini limewapotosha wengi, na watungaji wa mtihani wanalijua.

Mtihani umegawanyika sehemu sita, na zaidi ya nusu ya uzito wake hauko katika kuifundisha mashine, bali katika yanayofuata: kuiweka kazini, kuifanya ijirudie bila ya kushikwa mkono, na kuilinda isipotoke. Mashine iliyofundishwa kwa picha za karafuu zilizoanikwa juani huenda ikababaika msimu wa mvua, au pale zinapobadilishwa simu za kupigia picha. Haitapiga kelele. Itaendelea kutoa majibu kwa utulivu ule ule, na mkulima ndiye atakayepunjwa. Ndiyo maana mtaalamu wa kweli hutambulikana zaidi kwa namna anavyoiangalia mashine baada ya kuiwasha.

Sasa tuje kwenye matayarisho. Njia iliyo sahihi haina siri. Mtahiniwa aisome kwanza orodha ya mada inayotolewa na watungaji, ajipime kila mada kwa uaminifu, kisha afanye kazi moja halisi tangu mwanzo hadi mwisho: akusanye data, aisafishe, aifundishe mashine, aiweke kazini na aichunge. Data hiyo isiwe majalada ya wagonjwa wala ya walipa kodi aliyoyachukua ofisini. Hiyo ni amana, na si kitu cha kujifunzia. Ziko data za wazi zilizotolewa kwa ajili hiyo.

Kwa mazoezi, Google humpa mteja mpya dola 300 za kutumia kwa siku 90. Ni msaada mzuri, lakini una masharti yake. Anayejiunga hutakiwa kutoa kadi ya benki, na baada ya majaribio, akiamua kuendelea kwa malipo, mtambo uliosahaulika ukiwaka usiku kucha utahesabiwa usiku kucha. Mtu anaweza kuweka onyo la kumjulisha fedha zinapofika kiasi fulani, lakini na ajue kwamba onyo hilo humjulisha tu, halizimi mtambo. Kuzima ni kazi ya mkono wake.

Iko na njia nyingine, ya mkato, nayo yatupasa kuikemea wazi. Katika intaneti wapo wauzaji wa maswali yaliyoibwa, na wapo wanaoyakariri kwa mamia. Kufanya hivyo ni kuvunja masharti ambayo kila mtahiniwa huyakubali, na cheti kinaweza kufutwa. Lakini hata kama hakikufutwa, hasara inabaki palepale. Mwenye kukipata kwa njia hiyo ataajiriwa kwa kazi ya kutambua mashine inapokosea, naye hatambui. Gharama ya wizi huo hailipwi na yeye. Hulipwa na mgonjwa na mkulima.

Siku ya mtihani nayo ina mambo yake, hasa kwa mtu wa visiwani. Mtihani unaweza kufanywa katika kituo maalum au nyumbani chini ya uangalizi wa kamera. Wa nyumbani hutakiwa kuwa peke yake chumbani, meza ikiwa tupu, na akioneshe chumba chote kabla ya kuanza. Mtoto akifungua mlango, mtihani unaweza kusimamishwa. Jina alilojiandikishia lazima lilingane na lililomo katika kitambulisho. Hapa kwetu mtu mmoja huandikwa Mohamed penye karatasi moja na Muhammad penye nyingine, na majina matatu hugeuka mawili. Jambo hilo lisahihishwe wiki kadhaa kabla.

Kisha kuna umeme na mawasiliano. Hakuna Mzanzibari mtu mzima aliyesahau miezi mitatu ya kiza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini wa kuleta umeme Unguja ulipoharibika. Waya mpya ulikuja baadaye, na hali si ile ya siku zile. Hata hivyo tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, yetu ikiwemo. Mtahiniwa mwenye busara huandaa kompyuta yenye betri iliyojaa na njia ya pili ya mawasiliano. Asiyeiamini nyumba yake aende kituoni, ingawa kwa wengi wetu, na hasa ndugu zetu wa Pemba, hilo huenda likawa na maana ya nauli ya boti na malazi juu ya ada.

Na ada yenyewe si ndogo. Anayeshindwa hungoja siku 14 kabla ya kurudia. Akishindwa mara ya pili, siku 60. Mara ya tatu, mwaka mzima. Kila mara hulipa upya. Kwa hiyo kumsukuma mtumishi aende kufanya mtihani kabla hajawa tayari, ili ripoti ya robo mwaka ionekane nzuri, ni kutupa fedha za umma.

Lipo pia suala la lugha. Mtihani huu hufanywa kwa Kiingereza na Kijapani. Kijana wetu aliyesoma hesabu vizuri katika skuli zetu hupambana na mawili kwa wakati mmoja: fani na lugha. Maswali ni marefu, na neno moja kama "isipokuwa" au "kwa gharama ndogo kabisa" hugeuza jibu zima. Hatudai kuwa Kiswahili kitaingizwa katika mtihani huo kesho. Lakini vyuo vyetu na mabaraza yetu ya Kiswahili yanaweza kutoa kitabu cha istilahi, ili fani ieleweke kwanza kwa lugha ambayo mtu anafikiri kwayo. Aliyeelewa kwa Kiswahili hatashindwa kujifunza majina ya Kiingereza. Aliyekariri majina ya Kiingereza huenda asielewe kamwe.

Kwa hiyo tunapenda kutoa rai kwa wakuu wa idara. Kwanza, mtumishi anayetayarishwa apewe kazi halisi ya ofisi, ndogo lakini kamili, aifanye chini ya msimamizi. Hapo ndipo atakapopata ule uzoefu unaoshauriwa. Pili, apewe saa maalum za kusoma ndani ya wiki ya kazi, asiambiwe akasome usiku baada ya kuchoka. Tatu, itengwe katika kila kisiwa angalau sehemu moja tulivu, yenye umeme wa akiba na mawasiliano ya uhakika, kwa ajili ya mitihani ya namna hii. Nne, cheti kikishapatikana, mwenye nacho apewe kazi inayolingana nacho, kwani elimu hii huchakaa kabla ya miaka 2 kwisha. Tano, awafundishe wenzake, ili siku akihama ofisi isibaki mikono mitupu.

Kwa vijana tunasema: msiuogope mtihani huu, wala msiudharau. Ni saa 2 tu, lakini zinapima miezi mingi ya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kwa wale watakaowapokea maofisini tunasema: mtu akileta cheti, mpongezeni, kisha muulizeni mashine aliyoijenga inakosea wapi, na yeye amejuaje. Akijibu vizuri, mpeni kazi. Akinyamaza, mrudisheni akasome, kwani haki za wananchi haziwezi kukabidhiwa kwa karatasi.