Mlango Uliozibwa na Umati

Mnamo Julai 2023, Wakenya waliotaka kuomba pasipoti au leseni kupitia jukwaa la eCitizen walikwama. Serikali yao ilieleza kwamba mfumo ulizidiwa kwa makusudi na maombi mengi kuliko kawaida, na kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Huenda msomaji akauliza: ikiwa hakuna kilichoibwa, adui alitaka nini? Alitaka kujaza ukumbi wageni wasio na haja yoyote, ili mwenye haja akose pa kupita.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kujikinga. Kufuli haisaidii, kwa kuwa tovuti imewekwa ili itembelewe.

Tuitazame GitHub, kampuni ya Marekani ambako watunzi wa programu za kompyuta huhifadhi kazi zao. Tarehe 28 Februari 2018 iligharikishwa na data zilizofikia terabiti 1.35 kwa sekunde. Mshambuliaji hakuhitaji nguvu zote hizo yeye mwenyewe. Alituma maombi madogo kwa seva za watu wengine zilizoachwa wazi kwenye intaneti, akighushi anwani ya GitHub kama mwombaji. Majibu, ambayo yangeweza kuwa makubwa hadi mara 51,000 kuliko ombi, yakamiminika kwa asiyeyaomba. GitHub haikusimama peke yake. Ilielekeza mawasiliano yake yapitie kwanza katika mitambo ya kampuni ya Akamai, yenye upana wa kuipokea gharika hiyo na kuichuja. Huduma ilirejea kabla ya dakika 10 kutimia.

Kuchuja kulikuwa rahisi kiasi, maana majibu yale yalikuwa ya aina ambayo mgeni wa kawaida wa tovuti hana kazi nayo. Taabu huja pale adui anapojifanya mteja halisi, akifungua kurasa zilezile anazofungua mteja. Hapo kampuni huhesabu maombi ya kila anwani na kuyawekea kikomo, au humtaka mgeni athibitishe kuwa ni binadamu, kwa mfano kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Ni kero, lakini kubwa zaidi ni hii: wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu huweza kuonekana nje kwa anwani moja tu. Anwani hiyo ikifungiwa kwa kosa la mmoja, wote huachwa nje pamoja naye, na wengi wao hawataambiwa sababu.