Saa Nne Garsen: Dishi Iko, Kiti Ndio Hakuna

Cheki, kama hujawahi kushuka Garsen saa nne asubuhi na njaa ya ukweli, mfukoni una soo mbili tu, kuna raha imekupita. Saa nne ndio githaa yetu. Wasee wa nduthi washapiga raundi za kwanza, watoi wako shule, maduka yanamalizia kufungua, na pale stage moshi wa makaa unachanganyika na harufu ya iliki mpaka unasahau vumbi.

Garsen si mji mkubwa, lakini iko njia panda, na njia panda haikosi dishi. Ukitoka Malindi ni kama kilomita 110. Ukifika huku barabara zinagawanyika: moja inapanda Hola hadi Garissa, nyingine inakata delta ya mto Tana kuelekea Witu na Lamu. Hiyo ya Lamu, kilomita 135 hivi, ilikuwa vumbi na matope utoto wetu wote, lami imekuja juzi juzi. Na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, mabasi ya hiyo njia yakawa yanapangwa pamoja ndio yasindikizwe na polisi. Basi likingoja, abiria hushuka, na akishuka anataka chai. Kuna mamathe walisomesha watoto na hiyo kungoja.

Mathe mmoja wa pale stage simtaji jina, ju hajaniruhusu, lakini wasee wa Garsen wanamjua kwa mahamri yake. Usiku anakanda unga na tui la nazi, sukari, hamira na iliki ametwanga mwenyewe, anafunika na kitambaa, analala. Alfajiri unga umeumuka. Anasukuma, anakata pembetatu, anaachilia kwa karai. Kaa karibu uone kazi. Hamri inazama kwanza, halafu inaibuka, na hapo hapo anairushia mafuta ya moto mgongoni na kijiko mpaka inafura, ndani inabaki uwazi. Anaigeuza mara moja tu. Ile haijafura anaiweka kando, haiuzi, hiyo ni ya watoto wake nyumbani. Mbaazi nazo zimelala kwa maji, zimechemka zikalainika, zikapata tui jepesi na kitunguu na pilipili, na mwisho kabisa tui zito. Hapo sufuria haifunikwi na moto unapunguzwa, la sivyo tui linakatika na mchuzi unaharibika.

Hamri ashu, sahani ya mbaazi finje, chai mbao. Hamri tatu, mbaazi, chai: soo moja, umeshiba. Pasua hamri, chota mbaazi ujaze ule uwazi, bana, meza na chai ingali moto. Mimi nimedishi branchi za bei Mombasa, zile za mayai yamelala juu ya parachichi, na nilifurahia. Bado hiyo soo ya Garsen ndio inanirudisha.

Branchi ya wazungu iko na stori yake. Mwaka wa 1895 huko Uingereza, mwandishi anaitwa Guy Beringer alitetea kwa jarida moja mlo wa Jumapili wa kuchelewa, ndio mtu aliyekesha Jumamosi asisumbuliwe na chakula kizito mapema. Nairobi nayo, hii tabia ya kukaa kitako na kahawa na keki ilishika moto baada ya Java House kufungua mkahawa wake wa kwanza Adams Arcade, 1999. Kwetu chai ya saa nne ilitoka shambani. Mkulima wa Wema ama Hewani, vijiji vya hapa delta, anaingia shamba kukiwa na umande, kabla jua la Tana halijawa kali. Analima, anapalilia ndizi na mpunga, na saa nne anatoka ameshaimaliza nusu ya siku yake. Huyu huwezi kumpa kipande cha tosti. Ndio maana dishi ya hiyo saa ni nzito, iko na nazi, iko na kunde, inashikilia mtu hadi jioni.

Sasa vuka barabara. Hizi hoteli zingine ni za Waorma, Wawardei na Wasomali, na hapo form inabadilika. Anjera inakuja laini, juu imejaa vishimo vidogo vya kunyonya mchuzi. Chai imechemshwa pamoja na maziwa na viungo mpaka imekolea, na sukari ni nyingi, kwa hivyo kama hutaki sema mapema. Ukiwa na bahati unapata nyirinyiri, nyama imekatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikawekwa kwa samli. Ilikuwa dishi ya safari ya mfugaji, ju inakaa muda mrefu bila friji. Ng'ombe wa Waorma wenyewe ni jamii ya Boran, na watafiti wa mifugo wanawaheshimu ju wanastahimili ugonjwa wa mbung'o kuliko Boran wengine. Kwa hivyo ukinywa hiyo chai, jua umekunywa kazi ya vizazi.

Na hapa lazima niseme kitu ju mimi ni mtu wa huku. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma waliuana kwa hii delta. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi akina mama na watoto, vijiji vikachomwa. Maji, malisho, shamba, na joto la uchaguzi. Septemba 2012, katikati ya hayo yote, delta ya Tana ikaorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar, hekta 163,600 za ardhi oevu ambayo dunia nzima inatakiwa kuitunza. Tuliipata hiyo heshima tukiwa matangani. Kwa hivyo mimi nikiona mathe wa mahamri, Mpokomo, ananunua maziwa kwa dem wa Kiorma kila asubuhi, na huyo dem anaondoka na ndizi na mahamri ya moto kwa gazeti, siwezi kuichukulia poa. Hakuna mkutano wa amani uliowapangia. Mmoja anataka maziwa, mwingine anataka kiamsha kinywa, na wanajuana watoto kwa majina.

Vitamutamu sasa. Wasee wa ocha tunaambiwa hatuna dezati, na hiyo ni kutotujua. Jioni tafuta kaimati. Unga ni mwepesi, umechachuka vizuri. Mathe anaushika kwa ngumi, anaukamua utoke juu ya kidole gumba, anaukata na kijiko, unaanguka kwa mafuta ukiwa mviringo. Zikiiva zinaingia kwa shira, sukari imechemka na iliki mpaka inavuta uzi. Ganda la nje linalia ukiuma, ndani ni pamba. Ramadhani zinaisha kabla ya magharibi, fika mapema.

Halafu kuna mkate wa sinia. Mchele unalowekwa, unasagwa na nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, unapikwa moto chini moto juu hadi uso unakuwa kahawia. Mchele kwetu si wa kuja na lori pekee. Mpunga unalimwa hapa hapa delta, kwa vishamba vya kando ya mto na kwa mradi mkubwa wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ule ambao mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu kingo zake ukakaa miaka bila kulimwa. Mkate wa sinia wa mchele mpya wa delta una harufu ambayo ule wa unga wa paketi hauna. Siongezi chumvi hapo, onja vyote viwili siku moja.

Lakini tamu kubwa ya Wema inamea kwa mti. Embe ngowe ni ndefu, nyama yake ni rangi ya chungwa iliyokolea, haina nyuzi za kukwama kwa meno. Msimu ukiingia, kutoka Desemba hivi hadi Machi, kijiji kizima kinanukia embe. Watoi wanadishi asubuhi, mchana na usiku. Na hapo ndio roho inaniuma. Dalali anakuja na lori, anataja bei yake, na mkulima anakubali ju embe haingoji. Zile lori haijabeba zinaoza chini ya mti. Nzi wa matunda wanazaana hapo. Ni hao hao nzi walifanya Kenya isimamishe yenyewe kuuza embe Ulaya mwaka wa 2014, na soko halikufunguka tena hadi 2021. Mkulima wa Wema hajawahi kupeleka embe Ulaya, lakini soko la juu likifungwa, mzigo wote unarudi kwa soko la hapa na bei inaanguka juu yake.

Mimi nasema hivi. Dishi tuko nayo, tamu tuko nayo, hata stima iko, ju laini kubwa ya umeme ya kutoka Rabai kwenda Lamu inapita hapa na kituo kiko hapo Garsen. Kile hatuna ni mahali pa kukaa. Angalia nani amekaa kwa zile benchi asubuhi: madereva, wazee, wasee wa boda. Madem wananunua, wanafungiwa kwa gazeti, wanaenda kula nyumbani ama nyuma ya duka. Sijaona mtu akiwafukuza. Ni vile benchi imepangwa ikitazama barabara, kila mpita njia anakuona unavyotafuna, na dem akikaa hapo nusu saa mtaa mzima utakuwa na maswali. Sista yangu ako na miaka 20, anapenda kaimati kuliko mimi, na hajawahi kukaa chini kuzila kwa mji. Hiyo si sawa, na si lazima iendelee.

Ndio maana nikiona hizo picha za kafe za Nairobi, zile panikeki hata si kitu. Mimi naangalia meza. Madem wanne wamekaa, mikoba kwa viti, wanacheka, hakuna mtu anawaharakisha. Malindi iko karibu na iko na hiyo raha, hadi aiskrimu ya Kitaliano wanayo ju Wataliano wamekaa huko miaka mingi. Lakini nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya dishi lenyewe.

Na kuna sababu ya pesa pia, mbali na raha. Biashara za stage zinategemea mabasi. Mafuriko yalipokuja Novemba 2023, halafu tena Aprili na Mei 2024, barabara ya Lamu ilikatika na mabasi yakakwama. Mathe wa mahamri alikanda unga nusu, halafu robo, halafu akafunga. Kastoma wake wengi walikuwa ni watu wa kupita. Mahali pa vijana wa hapa, wenye wanarudi kila Jumamosi mto ujae usijae, pangemshikilia.

Sitaki jengo la vioo. Nataka kivuli cha mwembe mkubwa kwa kiwanja kilichoinuka, mbali kidogo na barabara. Makuti juu, mkeka na viti vya plastiki, meza za kiwango cha goti, maji ya kunawa na sabuni, choo safi chenye mlango unafungika. Choo nakisisitiza ju ndio kitaamua kama madem watakaa ama watafungiwa kwa gazeti tena. Friza moja ya mtumba, bleda, jiko mbili. Mahamri tunachukua kwa mathe wa stage kwa bei yake, hatumnyang'anyi kazi. Anjera tunachukua ng'ambo ya barabara. Maziwa ni ya yule dem wa Kiorma, na akitaka kuwa mshirika badala ya kuuza kwa lita, karibu sana.

Embe ndio zitabeba menyu. Ngowe imekatwa vipande, imegandishwa usiku, asubuhi inasagwa na maziwa mala na asali kidogo, juu tunavunjia kashata ya nazi. Inaliwa na kijiko, inatuliza koo, na kwa hilo joto la Garsen la Februari hakuna kitu inaweza kuishinda. Nimeitengeneza nyumbani kwa barafu ya mfuko, ju friza sina, na majirani walimaliza bakuli nikiwa bado naosha kisu. Msimu ukiisha, embe tulizogandisha na zile tulizokausha zinatuvusha hadi ndizi na mapapai.

Bakuli itakuwa soo, hamri na mbaazi bei ya stage. Mkulima akileta debe la embe zilizobaki baada ya lori kuondoka, tunampimia na tunamlipa pale pale kwa simu, juu ya bei ya dalali. Nina marafiki wawili wako tayari kuchanga, na fundi wa makuti ashatupa hesabu yake. Kiwanja ndio tunasaka sai, Wema ama Garsen, popote penye mwembe na maji hayafiki. Kama wewe ama mzee wako mnacho na mko tayari kutukodisha kabla ya Desemba, tutafute pale stage saa nne, tutakununulia chai tukiongea.