Kutafuta Mlinganyo Tawala katika Data Zenye Kelele: Mfano wa Nyiragongo

Makala haya yanakusudia kueleza swali moja la hisabati: je, yawezekana kuugundua mlinganyo unaotawala mwenendo wa kitu kwa kutazama vipimo vyake tu, hali vipimo vyenyewe vina kelele? Kwa “kelele” tuna maana ya makosa madogomadogo ya upimaji. Istilahi hii si nzuri sana, lakini imekwisha kuzoeleka.

Wakazi wa mtaa wa Mapendo, jijini Goma, wana haki ya kulijua jibu. Kaskazini yao uko mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Mnamo tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya jiji hadi Ziwa Kivu.

Tuchukue usawa wa ziwa la lava lililokuwamo katika kreta kabla ya 2021. Mlinganyo tawala hueleza kasi ya mabadiliko; hivyo sharti kasi ikadiriwe kwanza, na hapo ndipo penye tabu. Tuseme usawa hupanda sentimita 20 kwa siku, na kila kipimo chaweza kukosea hadi mita 1. Tofauti ya vipimo vya siku mbili zinazofuatana yaweza kukosea mita 2, yaani mara 10 ya kinachotafutwa. Tukiziachanisha siku 100, lava imepanda mita 20 na kosa lingali mita 2. Ila mabadiliko ya ghafla ya katikati yamepotea.

Mwaka 2016 Brunton, Proctor na Kutz walipendekeza njia ya uchache: iandikwe orodha ndefu ya vijenzi vinavyoweza kuingia katika mlinganyo, kisha viondolewe hatua kwa hatua vile vyenye mchango hafifu.

Lakini kijenzi kisichoandikwa hakiwezi kuchaguliwa. Mwaka 2020 Burgi na wenzake, kwa kufuata mwenendo wa ziwa hilo, walikadiria kuwa hatari ingekuwa kubwa zaidi kati ya 2024 na 2027. Mlima ulilipuka tarehe 22 Mei 2021. Utafiti uliofuata ulieleza kuwa ukuta wa mlima ulipasuka, ukaiachia magma iliyokwisha kukaribia uso wa ardhi. Udhaifu wa ukuta hausomeki katika usawa wa ziwa, hata kelele yote ikiondolewa.