Amerudi Kutoka Chuo Kikuu: Simu, Safari na Kazi za Nyumbani



Katika vikundi tunavyotembelea hapa Ukambani kuna jambo ambalo siku hizi huzuka karibu kila mkutano, ingawa halimo katika ajenda. Akina mama wamemaliza kuhesabu michango, kitabu kimefungwa, chai imeletwa. Ndipo mmoja anasema polepole: "Huyu wangu alimaliza chuo kikuu, lakini nyumbani hajafika. Ni mwili tu umefika. Yeye mwenyewe bado yuko kwa simu." Wengine wanacheka, halafu kicheko kinaisha haraka, maana wengi wana wa kwao.

Jambo lenyewe si dogo. Karo ya vijana hawa ilitoka kwa mzunguko wa kikundi, kwa mbuzi waliouzwa wakati bei ilikuwa mbaya, na kwa ndengu ambazo zingeliwa nyumbani. Siku ya kuvaa joho majirani walikodi gari wakamsindikiza. Sasa anaonekana amelala mpaka saa nne asubuhi, na usiku mwanga wa simu unawaka chini ya blanketi. Mzazi anajiuliza: tulisomesha nini?

Tunaijua nyumba moja ambamo swali hilo liliulizwa kwa hasira. Baba alichukua simu ya kijana, akaifungia ndani ya sanduku la nguo, akasema itatoka palizi ikiisha. Kijana hakubishana. Alishika jembe, na kwa siku tisa kazi ilienda vizuri, hata mama akaanza kusema labda mzee alikuwa na akili. Siku ya kumi simu ikafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na barua pepe ya kumwita kijana kwa mahojiano ya kazi ya kujifunza. Siku ya mahojiano ilikuwa imepita. Mpaka leo baba na mwana hawajalizungumza jambo hilo likaisha.

Sisi tumelifikiria sana, kwa sababu hapo hatuoni mkosaji mmoja. Baba aliona kwa macho yake kwamba simu inammalizia mwanawe siku. Kijana naye alisema kweli kwamba simu ndiyo mlango wa kazi. Zamani mhitimu alizunguka Nairobi na bahasha ya kaki mkononi mpaka soli ikaisha. Leo kazi nyingi huombwa kwa mtandao, na jibu huja huko huko, wakati mwingine likimpa mtu siku mbili tu. Kwa hivyo kuifungia simu kunaweza kumfungia mtu riziki. Na kuiacha wazi usiku na mchana pia kunamfungia riziki, ila polepole zaidi. Ndiyo sababu tungependa vikundi vielewe kwanza tabia hii imetoka wapi.

Nyaya kubwa za mtandao zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, na mtandao ulikuwa ghali na wa polepole. Kijana aliyemaliza chuo miaka hii ya karibuni alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alipofika chuo kikuu alikuta, mahali pengi, mtandao wa bure darasani na hata bwenini. Ratiba ya masomo ilikuwa kwa simu, maandishi ya mwalimu yalikuwa kwa simu, alama za mtihani vilevile. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata mafunzo yenyewe mengi yakahamia kwa simu. Na kati ya somo la saa mbili na lile la saa nane, kulikuwa na saa tupu za kukaa na kuperuzi, bila kulipia hata senti.

Halafu chuo kikaisha. Mtandao wa bure ukabaki kule. Kengele na ratiba zikabaki kule. Marafiki wakatawanyika, mmoja Kisumu, mwingine Garissa, mwingine Mombasa. Kitu kimoja tu alichorudi nacho kutoka maisha hayo ni simu. Mama anapoona kijana anacheka peke yake akiangalia kioo, mara nyingi kijana huyo yuko na wenzake wa bwenini. Tusilidharau jambo hilo. Mtu aliyehama kijiji hulia kijiji.

Lakini si wenzake tu walioko humo. Kuna ufundi uliowekwa makusudi ili mtu asitoke. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Mmarekani aliyeitwa B. F. Skinner alifanya majaribio na njiwa. Njiwa alikuwa akidonoa kitufe apate chakula. Skinner aliona kwamba chakula kikija bila kutabirika, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya thelathini, njiwa hudonoa kwa bidii na hachoki upesi, hata chakula kikikatwa. Wavuvi wanalijua jambo hili bila kufundishwa: anayetupa ndoano hatoki ukingoni, kwa sababu samaki anaweza kuwa kwa mtupo unaofuata. Simu ni hivyo hivyo. Unafungua, hakuna kitu. Unafungua tena, hakuna. Unafungua mara ya tano, kumbe kuna habari njema au kichekesho. Basi kesho utafungua mara hamsini.

Tena ukurasa hauna mwisho. Gazeti lina ukurasa wa nyuma, na hata kitabu kinene hufika mahali kikaisha. Mwaka wa 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaoendelea kujileta wenyewe kadiri unavyoushusha kwa kidole. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Mzee anayemuuliza kijana "kwani haimalizwi?" ameuliza swali la maana kuliko anavyodhani. Haimalizwi. Imetengenezwa isimalizwe.

Sasa tuje kwa pesa, maana kikundi ni pesa. Tuseme kijana anaweka bando la shilingi 50 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 18,250. Hata akijibana kwa shilingi 20 ni 7,300. Na mara nyingi zinatoka kwa mkoba wa mama, kidogo kidogo, bila kuandikwa popote. Kinachokula bando zaidi ni video. Ujumbe wa maandishi, barua ya maombi ya kazi, hata bei ya mahindi sokoni, hivyo vyote ni vyepesi sana. Mtu anayetafuta kazi kwa maandishi anaweza kukaa wiki nzima na bando ambalo video zinamaliza kabla ya chakula cha mchana. Hatutaji hapa kubeti na mikopo ya simu. Hayo yanahitaji makala yake, na tunajua nyumba zilizolia.

Jambo linalotushangaza ni hili. Kijana anaweza kushinda kwa simu siku nzima, na ile kazi ya mtandao ambayo ingemsaidia isifanyike. Chukua mfano wa ripoti ya kodi. Mwenye namba ya PIN ya KRA anatakiwa kupeleka ripoti kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, hata kama hakupata mapato yoyote. Ukiwa huna mapato unapeleka ripoti ya sifuri, na haichukui muda mrefu. Usipopeleka, faini ni shilingi 2,000. Wengi walichukua PIN wakiwa chuoni wakaisahau, kisha siku wanapotafuta kazi faini zimerundikana. Vilevile mkopo wa HELB: mtu anatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiye na kazi anafaa kuwasiliana na bodi badala ya kunyamaza. Hayo ni mambo ya mtandaoni pia. Hayaleti kicheko, kwa hivyo hayavuti kidole.

Tuingie safarini, kwa sababu huko ndiko tabia hii inaonekana wazi kabisa.

Mhitimu husafiri sana. Leo anaitwa Nairobi, kesho anapeleka cheti Kitui, kesho kutwa anaenda kumwona mjomba aliyesema kuna nafasi. Nauli ni pesa nyingi. Panda basi la kutoka Nairobi kwenda Kitui uangalie vijana. Wote wameinama. Wengine wameinama karibu na dirisha lililo wazi, gari likiwa limesimama kwa msongamano, na ndivyo simu zinavyonyakuliwa kila siku. Hayo ni ya usalama. Hasara nyingine haipigi kelele. Gari linapita vilima vya Machakos vilivyochimbwa matuta na akina mama wa mwethya, linapita mito ya mchanga, linapita Wamunyu kwenye wachongaji, na kijana aliyesomea kilimo au biashara anafika bila kuona hata kimoja. Anakuwa amelipa nauli ili abebwe kama gunia.

Hata sisi hatujapona. Mmoja wetu alipitishwa kituo chake akijibu ujumbe wa kikundi, akarudi na bodaboda kwa shilingi 150. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kumtakia mtu siku njema.

Kikundi kimoja cha akina mama kilifanya ziara ya kujifunza bwawa la mchanga. Wengi wenu mnalijua: ukuta unajengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake mvua baada ya mvua, na maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Walimchukua kijana mhitimu, mtoto wa mwanachama, awe mwandishi wao. Akapiga picha nyingi, na jioni hiyo hiyo ndugu na marafiki walikuwa wameziona. Walipokaa kupanga la kwao, mwenyekiti akamuuliza: "Mwanangu, ile mikono ya ukuta iliingia kwa ukingo umbali gani? Na mwamba waliupata wakichimba kiasi gani?" Kijana akatafuta kwa picha. Kulikuwa na nyuso, kulikuwa na anga, kulikuwa na chakula. Vipimo havikuwamo. Na mikono ya ukuta ikiwa mifupi, maji huzunguka kando na kukata ukingo, na jasho la kikundi likaenda na mafuriko.

Walimfanyia jambo la busara. Hawakumfukuza. Walichanga nauli akarudi peke yake na kitabu na kamba ya kupimia, simu ikiwa mfukoni mpaka amalize kuuliza. Ndipo alipoitoa: akapiga picha nne tu, kamba ikiwa juu ya ukuta. Jioni akatumia mtandao kutafuta mchoro wa kulinganisha nao. Safari ya pili ilikuwa ya siku moja kama ya kwanza, na simu ilikuwa ile ile.

Tulichoona katika nyumba zilizopata nafuu ni kwamba hazikupiga simu marufuku. Ziliigawia saa, kama vile tunavyogawa zamu za maji. Asubuhi kabla ya jua kali ni shamba na mifugo. Saa za mchana, wakati hata ng'ombe wamelala kivulini, kijana hukaa saa mbili kwa kazi ya mtandao yenye orodha: barua pepe, maombi, fomu. Hapo mzazi asimwite kukata kuni, maana hiyo ni kazi. Jioni ni chakula na mazungumzo. Usiku simu huchajiwa sebuleni, si kitandani. Kijana huweka mlio wa simu za kupigwa, na kuzima arifa za vitu vingine, ile milio midogo inayomwita bila sababu. Mambo mazito, kama vitabu na fomu ndefu, anayapakua siku ya soko akiwa mjini kwenye mtandao mzuri.

Kikundi nacho kina kazi ya kumpa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Nani anausoma na kuueleza mkutanoni kwa Kikamba? Nani anaulizia bei ya ndengu Nairobi kabla ya broka kufika na mzani wake? Kijana aliyeulizwa mambo hayo kila Alhamisi ana sababu ya kufungua simu, na pia ana sababu ya kuifunga akatembea mpaka mkutanoni.

Wale walioanza bodaboda wakingoja kazi, tunawaomba jambo moja bila kuzunguka. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara 4 zaidi ya asiyeitumia. Hiyo simu iliyobanwa ndani ya kofia, itoe.

Vikundi vitakavyotaka kulijadili jambo hili vinaweza kuanza hivi: kwa wiki moja kila mwanachama aandike saa alizoshika simu na pesa za bando alizonunua, kisha karatasi zisomwe mkutanoni. Msianze na vijana. Anzeni na mwenyekiti, mwekahazina, na sisi tunaokuja kuwatembelea.