Kura Kariakoo, Ufunguo Dodoma

Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Siku nne baadaye zikaanza kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, na Jumatano ya 27 Novemba wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchafukoge wakapanga foleni kuchagua wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa kamati zao. Msiba ulikuwa bado mbichi.

Jengo lile lilikuwa mali ya mtu binafsi. Hata hivyo lilizusha swali ambalo wapangaji wa nyumba za umma katikati ya Dar es Salaam wamekuwa nalo kwa miaka mingi: huyu ninayempigia kura ana mamlaka gani juu ya paa ninalolala chini yake? Ukiwa mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, pale Msimbazi au Upanga, mwenyekiti wako wa mtaa atakuandikia barua ya utambulisho ya benki, atakusuluhisha na jirani, na dalali wa mahakama akija na amri ya kukutoa ataitwa kushuhudia vyombo vikiwekwa barazani. Kodi unayolipa hawezi kuigusa. Diwani naye hawezi. Mwenyekiti wa bodi ya NHC huteuliwa na Rais, na wajumbe wake huteuliwa na Waziri wa Ardhi. Kura unaipiga Kariakoo, lakini ufunguo uko Dodoma.

Mpangilio huu una historia yake. NHC ilianzishwa kwa sheria mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo hapa mjini ilikuwa kubomoa vibanda vya udongo na makuti na kujenga nyumba bora za watu wa kipato cha chini. Aprili 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe hakuwa akiishi lote, likawa mali ya Serikali. Majengo mengi ya katikati ya jiji, hasa ya familia zenye asili ya Kihindi, yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na NHC, ingawa wazee wa mjini hadi leo wanasema wanaishi nyumba ya Msajili. Shirika sasa lina nyumba zaidi ya 17,000 nchi nzima, na zile za Kariakoo na katikati ya jiji ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote kwa sababu ya ardhi zilipojengwa.

Katika mabadiliko yote hayo, hakuna halmashauri ya mji iliyoombwa kura yake. Hata kinga ya mpangaji haikutoka kwa madiwani. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilitungwa na Bunge, na Bunge hilohilo likaifuta mwaka 2005.

Je, basi matokeo ya uchaguzi wa madiwani na wenyeviti wa mitaa hayana maana kwa mwenye nyumba huyu wa umma? Yana maana kubwa, ila hupita mlango wa uani. Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ni ya madiwani. Leseni za biashara ni za halmashauri, na ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwenye mauzo, unaingia kwenye mfuko wake. Hapo ndipo maslahi yanapogongana, na naona hatulisemi hili vya kutosha. Nyumba ya ghorofa mbili yenye familia nane ikibomolewa na mahali pake likasimama jengo lenye fremu mia moja, halmashauri inapata walipaji wapya na diwani anapata bajeti nono. Familia nane zinahamia Mbagala au Gongo la Mboto, na kura zao zinahama nazo.

Mwenendo wa kura Kariakoo unaonyesha hali hiyo vizuri. Orodha ya wapiga kura wa mitaa huandikishwa upya kila uchaguzi, na mwaka 2024 ilifanyika kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Sharti ni kuwa mkazi wa mtaa husika. Mfanyabiashara mwenye fremu ya NHC Kariakoo, anayelipa kodi ya pango, leseni na taka kila mwaka, hapigi kura Kariakoo. Anapiga kura anakolala. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, na baadaye nyumba za shirika, zimekuwa zikigeuka maduka chini na stoo juu. Wakazi wanapungua, wafanyabiashara wanaongezeka. Mchana eneo hili lina umati usiohesabika, ilhali kiongozi wake wa kuchaguliwa anawajibika kwa watu wachache wanaobaki baada ya maduka kufungwa.

Gharama ya mlango huo wa uani ilionekana Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Huo ulikuwa mradi wa ubia kati ya NHC na mwekezaji binafsi: shirika lilitoa ardhi, mwenzake akatoa mtaji. Waliofikishwa mahakamani kwa vifo hivyo walikuwa pamoja na wahandisi wa Manispaa ya Ilala, na mwenye kampuni ya ujenzi, ambaye alikuwa diwani. Tafakari mpangilio huo. Ardhi ni ya umma, msimamizi wa kibali ni halmashauri, na mjenzi ni mtu aliyechaguliwa kwa kura kukaa kwenye baraza la madiwani. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya mamlaka, na wapita njia na vibarua wakafa chini ya zege.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuwapa madiwani nguvu zaidi. Mwaka 2015 tulipata nafasi ya kuona nini hutokea wapiga kura wa Dar es Salaam wanapobadili uongozi wa halmashauri. Oktoba mwaka huo muungano wa vyama vya upinzani, Ukawa, ulipata madiwani wengi jijini. Mameya wa Ilala na Kinondoni wakatoka Chadema. Uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa hadi 22 Machi 2016, alipochaguliwa Isaya Mwita, naye wa Chadema. Kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, jiji kubwa kuliko yote nchini lilikuwa na uongozi wa chama kisichotawala.

Julai 2016, kodi ya majengo ikatoka halmashauri na kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Ni haki kueleza kwamba TRA iliwahi kuikusanya Dar es Salaam hata kabla ya hapo, kwa hiyo siwezi kusema uamuzi ule ulizaliwa na uchaguzi peke yake. Lakini matokeo yake yalikuwa hayohayo: halmashauri mpya zilinyang'anywa chanzo cha mapato kilichofungamana moja kwa moja na nyumba, kile ambacho kwingineko duniani ndicho huendesha miji. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye Luku, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa kwanza, awe mpangaji au mwenye nyumba. Mpangaji huachiwa kazi ya kumdai mwenye nyumba ili arudishiwe chake.

Kisha kuna Magomeni Kota, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Hii ndiyo kesi ninayotaka wasomaji waikumbuke kuliko zote. Kota zile zilikuwa chini ya Manispaa ya Kinondoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 familia 644 ziliondolewa kwa ahadi kwamba eneo litajengwa upya na wao watarudi. Nyumba zikabomolewa, kiwanja kikabaki majani. Ukaja uchaguzi wa mitaa wa 2014, ukaja wa madiwani wa 2015, na bado hapakuwa na tofali. Oktoba 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaagiza Wakala wa Majengo, TBA, ijenge, na akaahidi familia zile zitakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Manispaa ikawekwa pembeni. Maghorofa hayo yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Machi 2022.

Waliorudi walipata walichoahidiwa, na hilo ni jambo la kushukuru kwa dhati. Wapo waliofariki wakisubiri. Ila mpiga kura wa Magomeni alijifunza nini? Alijifunza kwamba barua kwa diwani, malalamiko manispaa na chaguzi zote zile havikusogeza mradi, na kwamba kauli ya mtu mmoja kutoka Ikulu iliusogeza kwa siku moja. Mkazi wa Ilala au Temeke aliyeona hayo hatakuwa na sababu ya kuhangaika na kikao cha kata. Atasubiri msafara wa Rais upite barabarani kwao ili apate kuinua bango. Mfumo wa nyumba za umma hauwezi kutegemea bahati ya msafara.

Na hao waliochaguliwa 2015 hawakudumu. Januari 2020 Meya Mwita aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Haikuwa mara ya kwanza. Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa mijini mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikaendesha mji hadi 2000, zilipoundwa manispaa tatu. Katika kipindi chote hicho NHC haikukosa mkurugenzi wala mpangaji wake hakukosa ankara. Kwa hesabu hiyo mwenye nyumba ameishi muda mrefu kuliko baraza lolote ambalo mpangaji amewahi kulichagua.

Majirani zetu Nairobi walifuata njia nyingine. Kota za zamani za Pangani, Ziwani na Kaloleni ni za serikali ya kaunti, na gavana huchaguliwa kwa kura za wakazi. Mpango wa kuzijenga upya uliasisiwa wakati wa Evans Kidero, ukapita kwa Mike Sonko, ukapita kwenye idara maalumu iliyoundwa na Serikali Kuu mwaka 2020, na sasa uko kwa Johnson Sakaja. Kila aliyeingia alikuja na ratiba yake, na wapangaji wamekuwa wakisubiri kama wetu. Angalau wao wanajua wa kumbana wakati wa kampeni, kwa sababu mwenye nyumba wao ndiye mgombea. Vienna, Austria, wameenda mbali zaidi: halmashauri ya jiji ina nyumba zipatazo 220,000, nyingine za tangu miaka ya 1920, na chama kinachotaka kuongoza jiji lazima kieleze kodi za nyumba hizo zitakuwaje. Kule nyumba ni suala la uchaguzi wa mji kwa sababu mji ndio mwenye nyumba.

Kwetu sasa hali ni ya mtu mmoja kwenye uwanja. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, na mwaka 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, huku upinzani ukilalamikia wagombea wake wengi kuenguliwa. Mtu anaweza kusema chama kimoja kuanzia mtaa hadi wizara kitarahisisha mawasiliano. Mimi naona kinyume chake. Mwenyekiti wa mtaa ambaye hakuwa na mpinzani hana msukumo wa kulihoji shirika lenye mwenyekiti aliyeteuliwa na Rais, ambaye ndiye Mwenyekiti wa chama chake.

Na wakati wa kuhoji ni huu. Mwaka 2022 NHC ilizindua upya sera yake ya ubia, na Kariakoo ndiko macho ya wawekezaji yalikoelekea. Majengo ya zamani yanatoka, marefu yanaingia. Sipingi ujenzi. Nyumba nyingi za shirika zimechoka, mabomba yanavuja, na wapo wapangaji wanaolipa kodi ndogo huku wakipangisha wengine kwa bei ya soko au kuuza nafasi kwa kilemba cha mamilioni. Hilo nalo ni wizi wa mali ya umma. Lakini mpangaji halali, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile na kulipa kila mwezi, naye anapata notisi ileile. Mbia ana mkataba, halmashauri ina kibali chake, na mpangaji ana karatasi ya siku chache.

Bunge lirekebishe sheria ya NHC ili bodi iwe na kiti cha mwakilishi wa wapangaji aliyechaguliwa na wapangaji wenzake, na kiti cha halmashauri yenye nyumba nyingi za shirika. NHC iweke wazi masharti ya kila mradi wa ubia katika ofisi ya serikali ya mtaa kabla notisi haijatoka: idadi ya ghorofa, mkandarasi ni nani, na wapangaji wa sasa watapelekwa wapi. Halmashauri ya Jiji izuie diwani yeyote kupata zabuni ya ujenzi ndani ya eneo ambalo kamati yake inatoa vibali. Nawe msomaji unayeishi au kufanya biashara katika nyumba ya shirika, usisubiri uchaguzi wa 2029. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, uliza kibali cha jengo linalochimbwa jirani yako kinaruhusu ghorofa ngapi, na usiondoke mpaka swali lako limeandikwa kwenye muhtasari.