Tarehe 2 Desemba: Nyimbo Zilipofika Kizimbani Arusha

Wapenzi wa kumbukumbu za muziki wanaijua tarehe 2 Desemba kwa mambo mawili. Mwaka 1981 alizaliwa Britney Spears, na mwaka 1983 kituo cha MTV kilionyesha kwa mara ya kwanza video ya Thriller ya Michael Jackson, ile ya dakika karibu 14 yenye mizuka inayocheza barabarani. Watangazaji huyasoma hayo asubuhi, wanapiga kibao kimoja, kisha matangazo ya biashara yanaendelea. Tukio la tarehe hiyo lililotokea chini ya Mlima Meru huwa halitajwi. Nadhani ni kwa sababu halina raha ya kusimuliwa katikati ya nyimbo mbili.

Jumanne ya tarehe 2 Desemba 2008, ndani ya majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda walimsomea hukumu Simon Bikindi. Kizimba kile kilikuwa kimekwishapitiwa na mawaziri, maofisa wa jeshi, mapadri na wafanyabiashara. Bikindi alikuwa mwanamuziki, na nyimbo zake tatu zilikuwa miongoni mwa vielelezo.

Ni vigumu kwa msikilizaji wa leo kupata picha ya ukubwa wake. Alizaliwa mwaka 1954 upande wa Gisenyi, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, akawa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana, na akaongoza kikundi cha ngoma na nyimbo kilichoitwa Irindiro. Alichanganya uimbaji wa asili na vyombo vya kisasa, akapenyeza Kifaransa na Kiingereza ndani ya Kinyarwanda. Kaseti zake zilipigwa harusini, kwenye baa na kwenye sherehe za serikali. Alikuwa na kipaji, na hilo halikubishaniwa na upande wowote mahakamani.

Wimbo wa kwanza kati ya zile tatu, Twasezereye, ni wa mwaka 1987, Rwanda ilipotimiza miaka 25 ya uhuru. Unaaga enzi ya ufalme na ukabaila. Ukiusikia peke yake unaweza kuuona kama wimbo wa sikukuu ya taifa, wa aina ambayo nchi zetu zote zinayo. Lakini ulipopigwa tena redioni mwaka 1992 na 1993, wakati serikali ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF wakizungumza amani hapa hapa Arusha, maana yake iligeuka. Kuaga ukabaila mwaka 1987 ni historia. Kuuaga wakati unatakiwa ugawane madaraka na watu unaowaita mabwana wa zamani ni kukataa mazungumzo. Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Wimbo uliendelea kupigwa.

Nyimbo mbili za baadaye, Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi, zilikuwa kali zaidi. Ile ya kwanza inawasema Wahutu wanaowasaliti wenzao. Ya pili inawaita wana wa wakulima wakumbuke walikotoka na wasimame pamoja. Majaji walizisikiliza, wakasoma tafsiri, wakawasikia wataalamu wa pande zote mbili wakivutana juu ya mafumbo yake, kisha wakafika mahali pasipo na utata: nyimbo hizi mbili zilitungwa kwa makusudi ya kueneza propaganda dhidi ya Watutsi na kuchochea chuki ya kikabila. Walikubali pia kwamba mwaka 1994 zilitumika kuwatia watu hamasa ya kuua.

Pamoja na hayo, hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani majaji walimwonea huruma msanii. Sababu zilikuwa za kisheria, na kila moja ilisimama kwa miguu yake.

Sheria iliyounda mahakama ile iliipa mwaka mmoja tu wa kuhukumu, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba 1994. Nyimbo zote tatu zilitungwa kabla. Unaweza kuuliza: wimbo ukitungwa 1993 na ukaendelea kusikika 1994, si kosa linaendelea? Jibu lilikuwa limeshatolewa tarehe 28 Novemba 2007, katika rufaa ya kesi ya vyombo vya habari dhidi ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze. Majaji wa rufaa walisema kosa la uchochezi hukamilika pale pale neno linapotamkwa au kuchapishwa. Haihitajiki kuthibitisha kwamba aliyelisikia alikwenda kuua, na hayo ndiyo makali ya kosa hili kwa mshtakiwa. Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili, kwa sababu kosa lililokamilika 1993 haliwezi kuvutwa hadi 1994 kwa kuwa tu mwangwi wake ulikuwa bado unasikika.

Ilibaki njia nyingine, kuthibitisha kwamba Bikindi mwenyewe alishiriki kuzisambaza nyimbo zake mwaka 1994. Hapo ushahidi ulipwaya. Iliyokuwa ikizirusha hewani ni RTLM, redio iliyoanza Julai 1993 na kujipatia wasikilizaji kwa muziki mtamu wa Kikongo na utani wa kijiweni kabla ya kuanza kutaja majina ya watu wa kuuawa. Mauaji yalipoanza Aprili, Bikindi alikuwa Ulaya na kikundi chake, na hakurudi hadi Juni. Haikuthibitika kwamba aliiagiza redio ipige chochote.

Na kulikuwa na suala la nia. Kuchochea chuki ni kitu kibaya, lakini katika sheria hiyo si sawa na kuchochea mauaji ya kimbari. Upande wa mashtaka ulitakiwa uonyeshe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mtunzi alipokuwa anatunga alikusudia watu wauawe. Wimbo wa mafumbo ni kielelezo kigumu kwa kazi hiyo. Wasanii wa ukanda wetu wanajua kwa nini wanaimba kwa mafumbo: ni ili kesho waweze kusema hawakumaanisha hivyo.

Kilichomfunga kilisemwa kavu, bila fumbo. Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara kuu kati ya Kivumu na Kayove, ulipita msafara wa wanamgambo wa Interahamwe, na ndani yake gari lenye vipaza sauti likipiga muziki, nyimbo za Bikindi zikiwemo. Bikindi alikuwa ndani. Wakati wa kwenda alishika kipaza sauti akawataka Wahutu, kama watu walio wengi, wainuke wawamalize Watutsi. Wakati wa kurudi, barabara ile ile, aliuliza kama kazi imefanyika, akiwafananisha Watutsi na nyoka. Mashahidi waliosimama kando ya barabara walieleza hayo, na majaji wakawaamini.

Kati ya makosa sita aliyoshtakiwa, alipatikana na hatia ya kosa moja: uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari. Kifungo kilikuwa miaka 15. Na hapa ndipo muziki uliporudi kwa mlango wa nyuma, kwani majaji walisema umaarufu wake kama msanii unaongeza uzito wa kosa. Mtu asiye na jina akipiga kelele barabarani huenda akapuuzwa. Sauti ambayo watu wameizoea kwenye kaseti kwa miaka haipuuzwi, na alijua hivyo.

Alikata rufaa. Upande wa mashtaka nao ulilalamika kwamba adhabu ni ndogo. Tarehe 18 Machi 2010 majaji wa rufaa waliacha kila kitu kama kilivyokuwa. Alipelekwa kutumikia kifungo Benin, na kwa kuwa muda ulihesabiwa tangu alipokamatwa Leiden, Uholanzi, Julai 2001, alitoka mwaka 2016. Alifariki huko huko Desemba 2018.

Binafsi naona hukumu ile ilikuwa sahihi, ingawa ninaelewa mtu aliyepoteza ndugu zake huku nyimbo hizo zikilia redioni ataiona ni hesabu za wanasheria.

Cha ajabu ni jinsi ilivyopita mbali na masikio ya wenyeji. Lugha rasmi pale zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na Kinyarwanda kwa ajili ya washtakiwa na mashahidi. Kiswahili hakikuwemo. Ukumbi wa wasikilizaji ulikuwa wazi kwa umma, nyuma ya kioo, na vifaa vya kusikilizia masikioni. Nje ya geti, machalii wa Chuga, yaani vijana wa hip hop wa Arusha, walikuwa kwenye kilele chao: X Plastaz wameshatoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, Nako 2 Nako wanatamba, Joh Makini anapanda. Mji uliokuwa ukibishana kila siku kuhusu mistari ya nani ni mikali ulikuwa na kesi kubwa kuliko zote kuhusu mistari, mwendo mfupi tu kutoka mnara wa saa, na haikuingia kwenye mazungumzo ya vijiwe.

Ingefaa iingie, maana maswali yake hayakuishia Rwanda. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walishtakiwa Nairobi kwa uchochezi kupitia nyimbo zao, chini ya sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008 iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi. Kule wimbo wenyewe ndio uliodaiwa kuwa kosa, jambo ambalo upande wa mashtaka Arusha ulishindwa kulithibitisha.

Kwetu Tanzania, Machi 2017, rapa Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo Wapo uliowasema watawala. Hakukuwa na chuki ya kabila ndani yake wala damu ya mtu, ulikuwa ni kejeli ya siasa. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mashabiki walishangilia, na sikushangaa. Lakini nani alikusudia nini, nani alisambaza, na maneno hasa yalimtaka nani afanye kitu gani, maswali ambayo majaji pale AICC waliyachambua ukurasa baada ya ukurasa, hayakuulizwa alipokamatwa wala alipoachiwa.