HENDELI, STATA NA MKONO WA TANIBOI

Neno taniboi limo vinywani mwa madereva wa Musoma tangu zamani, na wengi walitumiao hawajapata kujiuliza limetoka wapi. Taniboi, au utingo, twamjua: ni yule kijana apandaye juu ya shehena, afungaye turubai, awekaye gogo nyuma ya gurudumu lori lisimamapo mlimani. Lakini jina lake, kwa maelezo ya wengi, latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuzungusha, na kilichozungushwa ni injini. Zamani, kabla lori halijaondoka na pamba ya Bunda, ilimpasa mtu asimame mbele ya rejeta na kipande cha chuma kilichopindwa mara mbili, akitie tumboni mwa mashine, kisha aiamshe kwa nguvu za bega lake. Chuma hicho ndicho hendeli.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Injini ya petroli haiwezi kujianzisha. Lazima kwanza pistoni ishuke ivute hewa na mafuta, kisha ipande iviminye, ndipo cheche ya plagi iviwashe. Mlipuko wa kwanza ukipatikana, mashine hujiendesha yenyewe. Lakini mizunguko ile ya awali haina budi kutoka penginepo, nayo kwa miaka mingi ilitoka mkononi mwa binadamu.

Nchi yetu inayo habari yake katika jambo hili. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti, 1907, akafika Swakopmund, ufukoni mwa Atlantiki, tarehe 1 Mei, 1909. Hesabu siku hizo, ndugu msomaji: ni 630. Wakati ule stata ya umeme ilikuwa bado haijaingia sokoni. Safari hiyo husifiwa kuwa ya kwanza ya gari kulivuka bara letu toka bahari hata bahari, na sifa hupewa mtu mmoja. Sisi twaikumbuka zaidi ile kazi ya kila asubuhi mbele ya rejeta.

Kupiga hendeli kulikuwa na kanuni zake, na aliyezidharau alilipa kwa mfupa. Kwanza gia itolewe na breki ya mkono ivutwe, maana gari likiwaka likiwa katika gia humpanda yule aliyeliamsha. Pili, cheche icheleweshwe. Katika Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, palikuwa na kijiti chini ya usukani kwa kazi hiyo. Cheche ikija mapema, pistoni ikiwa bado yapanda, mlipuko huirudisha chini, na hendeli hugeuka kinyume kwa nguvu ambayo hakuna mkono uwezao kuizuia. Madaktari wa Ulaya waliona mivunjiko ya kifundo cha mkono ya namna hii hata wakaipa jina la madereva.

Kwa hiyo wajuzi waliagiza: tumia mkono wa kushoto, anza chini uvute kwenda juu, wala usisukume kwenda chini, na kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Ukivuta hivyo, hendeli ikirudi nyuma huvitoka vidole na kwenda zake. Ukiikumbatia kwa gumba, itakwenda na gumba.

Aliyewaondolea watu adha hiyo ni Mmarekani Charles Kettering. Wataalamu wengi waliamini kwamba mota ya kuweza kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno isibebeke ndani ya gari. Kettering, aliyekuwa amekwisha kuitia mota mashine ya kuhesabia fedha za dukani, alifahamu jambo walilolisahau: mota ndogo yaweza kulemewa kupita kiasi chake bila kuungua, mradi kazi yake ni ya sekunde chache tu. Stata yake ilitokea katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Ford ilichukua muda. Magari yake ya T yalianza kuuzwa na stata mnamo 1919, tena kwa malipo ya ziada.

Palibaki tatizo la kuunganisha na kuachanisha. Stata ina gia ndogo, na gurudumu zito la injini lina meno kuzunguka ukingo wake. Yakikamatana daima, injini ikishika kasi itaizungusha stata hata iifumue. Dawa iliyopatikana, iitwayo Bendix, ni ya akili sana. Gia ile ndogo huvaa mhimili wenye hesi kama nati juu ya parafujo. Mota ishtukapo, mhimili huzunguka lakini gia kwa uzito wake husitasita, hivyo hutambaa juu ya hesi mpaka ikamate meno. Injini ikiwaka na kuipita kasi, gia hurudishwa ilikotoka. Baadaye ikaja solenoidi, ambayo huisukuma gia hiyo kwa sumaku ya umeme; ule mlio wa “ka!” uusikiao betri ikiwa hafifu ni wake.

Hata hivyo hendeli haikutoweka upesi. Land Rover, tangu 1948, zilikuwa na tundu la hendeli mbele, na Peugeot 404 iliyoshinda mbio za Safari mara nne kati ya 1963 na 1968 ilikuwa nalo pia. Palipo mbali na umeme wa kuchajia betri, hiyo haikuwa anasa. Iliyoifukuza ni injini iliyolazwa kukingama, ambayo ncha yake haielekei tena mbele.

Lakini asidhani mtu kwamba habari hii ni ya makumbusho tu. Kijana wa bodaboda wa Nyakato, kitufe kikikataa, hupiga kiki. Mvuvi wa Mwigobero huvuta kamba ya injini ya mtumbwi. Pawatila na mashine nyingi za kusaga za dizeli huamshwa kwa hendeli hata leo. Dizeli haina cheche ya kuchelewesha. Ina kijiti cha kuinua vali ili hewa isiminywe. Hushikwa kijiti hicho, gurudumu zito huzungushwa mpaka lipate mbio, ndipo kijiti huachiwa, na injini hukohoa ikawaka.

Hapo ndipo twawasihi wenye mashine. Hendeli njema huteleza ikatoka mara injini iwakapo, kwa sababu meno yake yamechongwa mshazari. Yakiwa na kutu au yamelika, hendeli hung'ang'ania na kuzunguka pamoja na injini, na yule aliyeishika hana la kufanya ila kuruka pembeni. Tupa moja na kitambaa chenye grisi kidogo vyatosha kuisafisha ncha hiyo, na kazi yenyewe haizidi robo saa. Wala asipewe mtoto kuizungusha, hata akiwa na nguvu, kabla hajaonyeshwa mahali pa kuweka gumba.